Mwanafunzi wa Uhandisi Mombasa: Tovuti, Miradi ya Elektroniki na Masomo (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Majibu haya yanawahusu wanafunzi wa uhandisi walioko Mombasa, wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor na wa vyuo vinginevyo, wanaotengeneza tovuti na vifaa kando ya masomo. Maswali yana namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine bila kurudiwa.

## Kuanza

1. Nasomea uhandisi wa majengo, si kompyuta. Nitaweza kutengeneza tovuti?

Utaweza. Tovuti ya kwanza inadai HTML (lugha ya muundo wa ukurasa) na CSS (ya mwonekano wake) tu. Mazoea ya kupima, kuchora kabla ya kujenga na kuandika vipimo unayo tayari, na yanafaa sana huku. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, ndiyo itakayokula muda, na hapo wanafunzi wa umeme hutangulia kidogo kwa sababu wameshapitia lugha ya C darasani.

Usirukie React, maktaba ya msimbo wa JavaScript ulioandikwa tayari, kabla hujaweza kuandika fomu inayokagua namba ya simu kwa JavaScript tupu. Ukiruka, kosa la kwanza litakukwamisha siku nzima, maana hutajua kama kosa ni la lugha yenyewe au la maktaba uliyoiweka juu yake.

2. Laptopu ya aina gani inatosha?

Kwa tovuti na kupakia programu kwenye bodi ndogo, RAM ya GB 8 na diski ya SSD vinatosha, hata ikiwa mashine ni ya mtumba. Kwa michoro mizito ya SolidWorks au Revit, tafuta GB 16. Pesa zikitosha jambo moja tu, ng'oa diski ya kuzunguka uweke SSD ya GB 240 au 256. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Joto la Pwani nalo lina hesabu yake. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, na wengi hudhani ni virusi. Usiweke laptopu juu ya godoro, kwa sababu matundu ya hewa yako chini. Safisha feni mara moja kwa semista, na kama mashine ina miaka minne au zaidi, mwambie fundi abadilishe pasta ya joto iliyo juu ya prosesa.

3. Mradi wa kwanza uwe upi?

Ukurasa mmoja wa biashara halisi ya mtu unayemjua: fundi cherehani wa Mwembe Tayari, mama anayepika biriani za harusi, muuza madera wa Kongowea. Weka jina, kazi, bei, ramani, na namba ya simu inayopigika kwa kuguswa. Namba hiyo huandikwa kwenye kiungo kinachoanza na tel: kikifuatiwa na +254.

Uumalize, uupandishe mtandaoni, kisha uutunze miezi mitatu. Bei zitabadilika, picha zitaongezwa, simu ya mtu mmoja itauonyesha vibaya. Humo ndimo unamojifunza kazi, na mteja wa pili atauliza habari ya miezi hiyo mitatu kuliko atakavyouliza umetumia lugha gani.

4. Nitenge saa ngapi kwa wiki?

Saa 8 hadi 12 katika wiki za kawaida ni kiasi kinachobebeka pamoja na maabara na ripoti zake. Zigawe vipande vya saa mbili au zaidi. Nusu saa kati ya vipindi haitoshi hata kukumbuka ulipoachia. Wiki tatu kabla ya mitihani usipokee kazi mpya yoyote, na mteja aijue tarehe hiyo tangu siku ya kwanza. Zikibaki saa mbili tu za kuchagua kati ya ripoti ya maabara na tovuti, andika ripoti, kwa sababu data ya maabara husahaulika haraka.

## Tovuti

5. Naweza kuweka tovuti mtandaoni bila kulipa?

Ndiyo, ikiwa ni kurasa tupu zisizohitaji hifadhidata. GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, hupokea tovuti ya hadi GB 1 na hutoa HTTPS (muunganisho uliofungwa kwa usalama) bure. Haiendeshi PHP wala Python, na masharti yake hayaruhusu kuendeshea duka la mtandaoni. Itumie kwa kazi zako binafsi na za darasani. Mteja anayeuza kitu anunuliwe hostingi yake, yaani nafasi ya kulipia kwenye seva.

Kabla ya kupandisha msimbo, hakikisha hakuna nywila wala ufunguo wa siri ndani yake. Kuufuta baadaye hakusaidii, kwa sababu Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, huweka historia yote. Ukishavuja, ubatilishe na uombe mwingine.

6. Mbona picha zinaonekana kwenye laptopu yangu, lakini mtandaoni hazionekani?

Karibu kila mara ni herufi kubwa na ndogo. Windows huhesabu Samaki.JPG na samaki.jpg kuwa faili moja. Seva nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux hizo ni faili mbili. Yape mafaili yote majina ya herufi ndogo, bila nafasi, na deshi badala ya nafasi. Ukishindwa hata hapo, tazama kama kiungo chako kinaanza na C: au file: badala ya njia fupi ya folda ya picha.

7. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapahapa Mombasa. Kwa nini tovuti bado ni nzito?

SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Ila waya kutua karibu na nyumba hakumaanishi data yako inatoka karibu. Seva ikiwa Ulaya, ombi linasafiri takriban kilomita 10,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwanga ndani ya waya hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari moja ya kwenda na kurudi hula angalau milisekunde 100. Ukurasa unaosubiri safari kumi zinazofuatana umepoteza sekunde nzima kabla ya picha kuanza kushuka.

Jambo la pili ni uzito wenyewe. Ukurasa wa MB 4 kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 32. Ukiushusha hadi KB 300 unakuwa sekunde 2.4. Karibu uzito wote huwa ni picha zilizotolewa kwenye simu zikiwa na pikseli 4000 kwa upana, ilhali skrini ya simu ya mteja kwa kawaida haifiki theluthi ya hapo. Zipunguze hadi pikseli 1200, uzihifadhi kwa WebP, aina nyepesi ya faili ya picha, na kila moja uilenge chini ya KB 100. Ondoa fonti za ziada, mbili zinatosha. Kisha jaribu kwa simu ya bei nafuu ukitumia bando, saa za jioni watu wanapokuwa wengi kwenye mnara, si kwa waifai ya chuo.

8. Nichukue kikoa kipi, na kiandikwe kwa jina la nani?

Vikoa vya Kenya, yaani majina ya tovuti yanayoishia na .ke, viko chini ya shirika la KeNIC na huuzwa na mawakala wake. Biashara huchukua .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke. Tangu 2017 inawezekana pia kuchukua .ke moja kwa moja.

Kikoa cha mteja kiandikwe kwa jina lake na barua pepe yake, hata kama wewe ndiye uliyelipa. Ugomvi mwingi kati ya wanafunzi na wateja huanzia hapa: mwanafunzi anamaliza masomo, anabadilisha barua pepe, ilani ya kulipia mwaka inakwenda pasipo mtu, na duka linapoteza jina lake. Mwandikie mteja tarehe ya kulipia, na uiweke kwenye simu yake akiwepo.

9. Naunganishaje malipo ya M-Pesa?

Kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom huwapa waandishi wa programu. Fungua akaunti, tengeneza programu ya majaribio, nawe utapata funguo mbili za kuombea tokeni, kibali cha muda cha kutuma maombi. Tokeni moja hudumu sekunde 3600. Ihifadhi uitumie tena, usiiombe upya kwa kila malipo.

Ombi la kumtokezea mteja kidirisha cha namba ya siri linahitaji nywila inayoundwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa kupitishia (passkey) na saa, kisha kuvigeuza vyote kuwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Namba ya biashara ya majaribio ni 174379. Saa huandikwa tarakimu 14 mfululizo, kuanzia mwaka hadi sekunde, na iwe ileile ndani ya nywila na ndani ya ombi. Namba ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kiasi kiwe namba kamili, bila senti.

Wengi hukwama kwenye anwani ya kupokea majibu. Lazima iwe ya HTTPS na ifikike kutoka nje, localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, haifikiki. Unapojaribu nyumbani tumia njia ya kupitishia kama ngrok, inayoipa kompyuta yako anwani ya nje kwa muda. Jibu likija, kagua ResultCode: 0 ni malipo yamepita, 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikujibu. Usimwambie mteja "umelipa" kwa sababu tu ombi lilipokelewa. Kupokelewa maana yake ni kwamba kidirisha kimetumwa. Hifadhi CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi, kama thamani isiyojirudia katika hifadhidata, ili jibu likija mara mbili oda isihesabiwe mara mbili.

Majaribio unaweza kuyafanya peke yako. Kuhamia pesa za kweli kunahitaji paybill au till ya biashara yenyewe, kwa hiyo mwenye duka awepo.

10. Mteja anasema chombo chake cha baharini kinaondoka saa mbili. Niandike saa gani kwenye fomu?

Andika zote mbili: "saa 2 asubuhi, 08:00". Mgeni akisoma "saa 2" atakuja saa nane mchana. Kwenye fomu usimwache mtu aandike saa mwenyewe. Mpe orodha achague. Ndani ya hifadhidata tunza saa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu, uongeze saa tatu unapoonyesha tu. Seva nyingi zimewekwa UTC, na usipoangalia hilo, oda za baada ya saa sita usiku zitaingia kwenye tarehe ya jana.

Ukiwa hapo, weka lang="sw" mwanzoni mwa HTML ya kurasa za Kiswahili. Bila hiyo kivinjari hubahatisha lugha, na programu za kuwasomea wasioona hutamka vibaya.

## Vifaa na elektroniki

11. Ninunue nini kwanza?

Bodi moja ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa, yenye waifai), bredibodi (ubao wa kuunganishia saketi bila kulehemu), nyaya za kuchomeka 40, resista za ohmu 220, kilo-ohmu 1, 2 na 10, LED chache, mita ya bei nafuu, na kebo ya USB inayopitisha data. Hiyo ya mwisho si jambo dogo: kebo nyingi za chaja zina nyaya za umeme tu, na bodi haitaonekana kabisa kwenye laptopu.

Kile usichokipata mjini huagizwa Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue, na kifurushi hufika kwa basi la usiku. Agiza viwili vya kila kinachoungua kwa urahisi, hasa sensa. Nauli ya kifurushi ni ileile, na siku ya kuwasilisha mradi hakuna basi litakalokuwahi.

12. ESP32 yangu inajizima na kuwaka upya kila ikitafuta waifai. Imeharibika?

Kwa kawaida haijaharibika, ina njaa ya umeme. Waifai ikiwaka, bodi huvuta mamia ya miliamperi kwa ghafla, volti inaanguka, na kilinzi cha ndani kinaizima. Utaona ujumbe wenye neno "brownout". Badilisha kebo iwe fupi na nene, tumia chaja ya volti 5 na amperi 1 au zaidi, na uweke kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya waya wa umeme na wa ardhi, karibu na bodi. Mota na relei zipewe chanzo chao, ila nyaya za ardhi ziunganishwe.

Mambo mengine ya bodi hii yanayopoteza usiku wa watu: haioni waifai ya GHz 5, pini 34 hadi 39 ni za kupokea tu, na pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusomea volti za analogi) hazisomi chochote waifai ikiwa imewashwa. Sensa za analogi zichomeke kwenye pini 32 hadi 39.

13. Nataka mradi wa kupima maji ya tangi. Ni mzuri kweli, au umechosha?

Ni mzuri, na Mombasa una maana kuliko kwingi. Maji ya mfereji huja kwa zamu katika mitaa mingi, nyumba zina matangi juu ya paa, na mwenye nyumba hujua yameisha pale anapomwita mwenye mkokoteni wa mitungi. Kilichochosha ni namna unavyotengenezwa, kila mwaka kwa makosa yaleyale.

Kosa la kwanza ni sensa. HC-SR04, inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, haina kinga ya maji. Mvuke wa tangi lililochomwa na jua huiozesha. Tumia JSN-SR04T, ambayo jicho lake limefungwa. Haisomi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo ifunge sentimita 30 juu ya kiwango cha juu cha maji, mbali na bomba la kuingizia na boya. La sivyo utapima boya.

Kosa la pili ni volti. Sensa ikitumia volti 5, pini yake ya Echo, inayotoa jibu, hutoa volti 5, na ESP32 inastahimili 3.3. Weka resista ya kilo-ohmu 1 kutoka Echo hadi pini, na ya kilo-ohmu 2 kutoka pini hadi ardhi. Utapata takriban 3.3.

Kosa la tatu ni la fizikia, na watahini hulipenda. Mifano mingi hutumia kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya nyuzijoto 20. Kwa nyuzijoto 30 kasi ni karibu 349.5. Katika umbali wa mita 2 unakosea karibu sentimita 4. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 1 lina lita 7.85 kwa kila sentimita, kwa hiyo umepoteza lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu. Ongeza sensa ya joto ndani ya tangi, kisha kokotoa kasi kwa 331.3 + 0.606 mara nyuzijoto.

Chukua vipimo saba, uvipange, utumie cha katikati. Wastani huharibiwa na kipimo kimoja cha uongo.

14. Saketi ilifanya kazi miezi miwili kisha ikafa. Kwa nini?

Fungua utazame kama kuna ukungu wa kijani kwenye nyaya. Hewa ya chumvi na unyevu hula shaba, na mtu wa Nyali au Likoni aliye karibu na maji huiona mapema zaidi. Bredibodi haidumu nje kabisa. Lehemu kila kiungo, osha mabaki ya fluksi kwa spiriti, paka vanishi ya kukinga bodi, na ufungie ndani ya sanduku lenye mpira kwenye kifuniko. Nyaya ziingilie chini, si juu. Usipake vanishi sensa ya joto wala ya unyevu.

15. Stima ikipotea nifanyeje?

Modemu nyingi za nyumbani ni za volti 12, kwa hiyo pawabanki ya kawaida ya volti 5 inahitaji kebo ya kupandisha volti. Pawabanki ya mAh 10,000 ina takriban Wh 37; toa hasara, hubaki kama 31. Modemu inayokula wati 7 itakwenda saa nne hivi.

Ukitaka kuendeshea ESP32 inayolala na kuamka, jihadhari: pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo. Tumia betri ya lithiamu yenye saketi ya ulinzi badala yake.

## Wateja na pesa

16. Nitoze kiasi gani?

Hesabu saa, usikisie. Andika saa za kubuni, kujenga, kupakia, kufundisha, na kurekebisha mara mbili. Saa 30 kwa shilingi 500 ni 15,000. Hapo ongeza kikoa na hostingi ya mwaka kwa bei uliyonunulia. Chukua arbuni ya nusu kabla ya kuanza, nusu nyingine kabla ya kukabidhi nywila. Karatasi moja iliyotiwa sahihi inatosha: kurasa ngapi, marekebisho mangapi, tarehe gani, na nani analipia mwaka wa pili.

Jamaa na majirani pia waandikiane nawe. Kazi ya bure ifanye ukipenda, ila nayo iwe na mwisho ulioandikwa.

17. Mteja haleti picha wala maandishi. Kazi imesimama.

Nenda dukani na simu, upige picha mwenyewe asubuhi kabla jua halijawa kali, umwulize maswali kumi na kuandika majibu yake. Mpangie miadi kwa kalenda yake: usimtafute Ijumaa adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani zungumza naye baada ya tarawehe. Muuza nguo katika kumi la mwisho hana nafasi ya tovuti hata kidogo.

18. Fomu yangu inakusanya majina na namba za simu. Kuna sheria?

Ipo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kusanya unachohitaji tu, sema ni cha nini, usikipe mtu mwingine, na uwe na njia ya kukifuta mwenyewe akitaka. Namba ya kitambulisho ya mtu anayeagiza mahamri haina kazi kwenye fomu yako.

## Chuo, atachimenti na baada yake

19. Naweza kutumia kazi ya mteja kama mradi wa mwaka wa mwisho?

Omba ruhusa ya maandishi kwa mteja na kwa msimamizi wako kabla ya pendekezo kupitishwa. Tovuti ya duka peke yake mara nyingi haina uhandisi wa kutosha. Panel ya watahini itauliza ulipima nini. Mradi wa swali la 13 una vipimo, makosa na hesabu, ndiyo maana husimama vizuri. Tenganisha sehemu uliyolipwa na sehemu utakayosahihishiwa.

20. Miradi hii inanisaidia kupata atachimenti, yaani mafunzo ya kazini?

Inasaidia ikiwa inaonekana. Weka anwani moja ya tovuti kwenye wasifu wako: miradi mitatu, kila mmoja na picha, mchoro wa saketi, kilichoharibika na ulivyokirekebisha. Anza kuomba semista moja kabla, maana nafasi za bandarini Kilindini na viwanda vya Changamwe huombwa na wengi. Ukishaingia, usipige picha mitambo kwa ajili ya tovuti yako bila idhini. Daftari la kazi lijazwe kila siku kwa vipimo, si "nilimsaidia fundi".

Ukitafuta watu wa kukukosoa kabla ya hapo, Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, hukusanya vijana wa teknolojia na sanaa.

21. Je, kazi za tovuti zinahesabiwa nikitaka kusajiliwa kuwa mhandisi?

Usajili uko chini ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, na unadai shahada iliyoidhinishwa pamoja na kazi ya uhandisi chini ya msimamizi aliyesajiliwa. Tovuti za maduka si kazi hiyo. Mwenye diploma au shahada ya teknolojia ana bodi yake, KETRB, inayosajili wanateknolojia na mafundi wa uhandisi. Hakikisha kozi yako iko upande gani ukiwa mwaka wa kwanza, si wa tano.

22. Tovuti ya mteja imeanguka, nami nina mtihani kesho asubuhi.

Kagua mambo matatu kwa dakika kumi: kikoa kimeisha muda, cheti cha HTTPS kimeisha, au hostingi haijalipwa. Yote matatu huonekana kwenye kivinjari na kwenye akaunti ya wakala. Ikiwa si hayo, rudisha nakala ya mwisho iliyokuwa ikifanya kazi, ambayo unapaswa kuwa nayo sehemu mbili nje ya seva. Isiporudi, weka ukurasa mmoja wenye jina la duka na namba ya simu, mtumie mteja ujumbe kwamba utaanza kushughulikia kesho saa nane mchana, kisha funga laptopu ukasome.